Ajali ya Petroli Ina Kinga



Ajali ikitokea kazini, neno la kwanza tunalolisikia ni lile lile: "Ajali haina kinga." Tajiri hulisema ili asiulizwe maswali. Nyapara hulisema ili kazi iendelee. Na sisi wenyewe, tukisha kumzika mwenzetu, hulisema kwa kuliwazana. Leo katika ukurasa huu twataka kulipinga neno hilo, walau katika jambo moja tunalolifanya kila siku bila ya kulifikiri: kutia mafuta katika gari, trekta, mashine ya maji na chombo cha baharini. Ajali ya petroli ina kinga. Kinga yake ni mbili: tabia njema ya yule anayetia mafuta, na wakati na vyombo anavyopewa na yule anayemwajiri. Moja bila ya nyingine haitoshi.

Tuanze Chovae. Baadhi ya wanachama wetu kwao ni huko, kisiwa cha Wabajuni kilicho kusini ya Kismayo. Kabla ya vita vya 1991 wapo waliovuka kwenda kutafuta kibarua Kismayo, bandarini na katika kiwanda cha nyama, na wengine wakafika mashamba ya ndizi na miwa ya bonde la mto Juba. Vita vilipoingia, wengi walishuka kwa vyombo hadi Lamu, Malindi na Mombasa, na leo tunashika kazi moja nao. Gari la mtu wa Chovae ni chombo. Mafuta ya mashine huja kwa bahari, ndani ya mapipa na madumu, na mara nyingi juu ya chombo kile kile kilichobeba watu.

Mwenzetu mmoja mzaliwa wa Chovae alitusimulia namna alivyofundishwa na mjomba wake, aliyekuwa nahodha wa mashua yenye mashine. Chombo kikitaka mafuta, mjomba alikuwa hakubali kabisa kuyatia watu wakiwa wamekaa. Abiria wote walishuka, wazee na watoto, hata kama maji yanakupwa na watu wana haraka. Tangi la mashine lilitolewa chomboni, likawekwa juu ya mchanga, likajazwa pale pale polepole. Mwenye sigara alipelekwa mbali. Kisha, kabla ya kuwasha mashine, mjomba aliinamisha kichwa chini ya chombo, kwenye ngama, akanusa. Akisikia harufu ya petroli hakuwasha. Alifua maji, akafunua mbao, akangoja upepo upite. Watu walimcheka kuwa ni mwoga. Yeye alijibu kuwa bahari ukianguka utaogelea, lakini chombo kikiwaka katikati ya maji, huna pa kukimbilia.

Kijana huyo alipokuwa mtu mzima akapata kazi katika shamba moja la pwani, akakuta mambo yamegeuzwa. Alfajiri lori la kuwapeleka wafanyakazi kondeni lilisimama mbele ya stoo, limejaa watu wamebanana, injini inanguruma. Dereva alikuwa akingoja dizeli. Wakati huo huo utingo, juu ya lori, katikati ya miguu ya watu, alikuwa akimimina petroli kutoka dumu kubwa kutia katika madumu madogo ya mashine za maji na za kukatia majani. Mtu wa nyuma alikuwa na sigara mkononi. Mwenzetu aliruka chini, akawaambia wenziwe washuke. Wachache walishuka. Nyapara akamwandika kuwa hakufika kazini, akakatwa mshahara wa siku nzima.

Chama kiliipeleka kesi yake mbele ya mwajiri, na baada ya vikao viwili fedha zake zilirudishwa. Tulifurahi. Lakini furaha yetu ilikuwa fupi, kwa sababu asubuhi iliyofuata lori lilisimama pale pale, na utingo akamimina vile vile. Mtu mmoja alirudishiwa mshahara wake, na hatari ikabaki kwa wote. Ndiyo sababu ya kuandika makala hii.

Yafaa kwanza tujue adui yetu ni nani. Watu hudhani kuwa petroli ndiyo inayowaka. Kinachowaka ni mvuke wake. Petroli hutoa mvuke wa kuwaka hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, baridi ambayo pwani yetu haijaiona wala haitaiona. Maana yake ni kwamba huku kwetu, mchana na usiku, petroli iliyo wazi iko tayari kuwaka kila saa. Dizeli ni mpole kidogo: haitoi mvuke wa kuwaka mpaka ipate joto la zaidi ya nyuzi 50. Lakini dizeli iliyomwagikia bomba la moshi lililo moto hulipata joto hilo mara moja, kwa hiyo upole wake usitudanganye.

Jambo la pili ni kwamba mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, mara tatu hadi nne. Haupai juu kama moshi wa kuni. Huteremka, ukatambaa chini kama maji yanayotafuta bonde, ukakusanyika penye shimo. Chomboni hukusanyika kwenye ngama. Juu ya lori lenye kuta za mbao hukaa miguuni mwa watu. Unaweza kusafiri chini kwa chini hadi kwenye jiko la mama mwuza chai aliye hatua nyingi kutoka kwenye pampu, ukashika moto huko, na moto ukarudi kwa njia ile ile. Mjomba wa Chovae hakusoma kitabu cha sayansi, lakini pua yake ilijua vyema pa kuutafuta.

Sasa tuzitazame tabia zenyewe.

Kwanza, zima injini. Wapo madereva wanaojivunia kutia mafuta injini ikiwaka, eti betri ni mbovu na gari likizimwa halitawaka tena. Basi dawa ya betri mbovu ni betri nzima. Na mashine ndogo, kama ile ya kuvuta maji au ya kukatia majani, isitiwe petroli ikiwa ya moto. Iache ipoe. Wakati huo vuta pumzi, unywe maji.

Pili, watu washuke. Gari likishika moto, dereva ana mlango wake. Mtu aliyebanwa katikati ya wenziwe thelathini nyuma ya lori hana mlango.

Tatu, tujihadhari na cheche ndogo isiyoonekana. Msuguano wa nguo na kiti huzaa umeme katika mwili, na umeme huo ukiruka kutoka kidoleni hadi kwenye chuma penye mvuke, unatosha kuwasha. Kwa hiyo mtu asiingie na kutoka garini wakati mafuta yanatiwa. Akiingia kwa dharura, basi akitoka aguse kwanza chuma cha gari mbali na tundu la tangi. Watu wengi huogopa simu ya mkononi, lakini wataalamu waliochunguza mioto ya vituoni walikuta cheche ya mwilini mara nyingi, na simu hawakuikuta kuwa chanzo. Hata hivyo simu iweke mfukoni, kwani anayezungumza nayo hatazami anachokimimina.

Nne, dumu lijazwe likiwa chini ardhini. Dumu la plastiki juu ya lori au juu ya zulia la gari halina njia ya kuupeleka ule umeme chini. Literemshe, mdomo wa pampu uguse ukingo wa dumu, mafuta yatiwe polepole. Utingo wetu wa alfajiri ile alivunja sheria hii na ya pili kwa mpigo mmoja.

Tano, usijaze hadi juu. Petroli hutanuka kwa joto, kiasi cha sehemu moja katika mia kwa kila nyuzi 10. Pipa la lita 200 lililojazwa alfajiri likaanikwa juani mchana, joto lake likipanda nyuzi 20, linataka nafasi ya lita 4 zaidi. Lisipoipata, litavimba na kuvuja. Pampu ikijikata yenyewe, iache. Usiongeze kwa kubembeleza.

Sita, mafuta yakimwagika, usiwashe gari. Sukuma gari pembeni, tia mchanga, kisha ngoja. Usimwage maji, kwani petroli huelea juu ya maji ikaenda na moto wake hadi kwa jirani. Moto ukianza kwenye tundu la tangi, usiuchomoe mdomo wa pampu, maana utayamwaga mafuta yanayowaka. Uache hapo hapo, ondoka, pampu izimwe. Nguo ya mtu ikishika moto, alale chini ajigaragaze, asikimbie. Penye jeraha la moto pamiminiwe maji safi ya baridi kwa dakika 20. Dawa ya meno, samli na unga si dawa ya moto.

Kwa wenye vyombo twaongeza moja. Tangi linaloweza kutolewa litolewe, lijazwe pwani. Hata kuchanganya oili kufanywe huko huko juu ya mchanga. Mashine nyingi za mchanganyiko wa 50 kwa 1 hutaka oili mililita 400 kwa dumu la petroli la lita 20. Pima kwa kipimo, usikadirie kwa jicho. Na kabla ya kuwasha, nusa ngama.

Zipo tabia mbili mbaya ambazo hazina moto, nazo huua kimya kimya. Ya kwanza ni kuvuta petroli kwa mdomo kwa mpira. Karibu kila stoo yupo mtu anayesifiwa kwa ufundi huo. Twasema wazi: huo si ufundi. Tone dogo likikosea njia likaingia katika mapafu, huyaunguza, na mtu huweza kufa kwa homa ya mapafu. Aliyemeza asitapishwe, kwani ikipanda juu yaweza kuingia mapafuni safari hiyo. Apelekwe hospitali. Ya pili ni kunawa mikono kwa petroli baada ya kazi ili kuondoa grisi. Ndani ya petroli mna benzini, sumu inayopita kwenye ngozi na kwa pumzi, na inayojulikana kuleta saratani ya damu. Mwajiri anayewapa mafundi wake petroli ya kunawia badala ya sabuni anawapa maradhi ya miaka ijayo. Tudai sabuni.

Nyumbani nako tusijisahau. Kambi za mashamba ni vyumba vidogo, watu wengi. Dumu la petroli chini ya kitanda, na jiko la mafuta ya taa hatua tatu kutoka hapo, ni maziko yanayongoja siku. Petroli isiwekwe katika chupa ya soda, kwa sababu mtoto haoni petroli, anaona soda. Wala isitiwe kamwe katika jiko la mafuta ya taa.

Tumesema kuwa mazoea yana taabu. Taabu kubwa ya mazoea ni hii: mtu anayefanya kosa mara mia bila ya kuungua hudhani kuwa amepata ushahidi mara mia kwamba si kosa. Kumbe alichokipata ni bahati mara mia tu. Petroli haihesabu miaka ya ujuzi wa mtu.

Historia ya karibu imetufundisha kwa ukali. Tarehe 31 Januari 2009 lori la petroli lilipinduka Sachangwan, karibu na Molo, nchini Kenya. Watu walikwenda kuchota, moto ukawaka, wakafa zaidi ya 100. Tarehe 2 Julai 2010 ikawa Sange, Kivu ya Kusini, nchini Kongo, na waliokufa walipita 200. Tarehe 10 Agosti 2019 ikawa Msamvu, Morogoro, nchini Tanzania, wakafa tena zaidi ya 100. Watu hawa hawakuwa wakijaza magari, lakini kilichowaua ni mvuke ule ule unaotambaa chini. Hatuwacheki. Mwenye mshahara wa kutosha hakimbii na ndoo kwenye lori lililopinduka, na ndani ya umati ule walikuwamo watu kama sisi, wenye kibarua cha siku. Lakini twasema kwa uchungu: lita 20 za petroli si bei ya mwanadamu. Ukiliona lori la mafuta limelala, wito wako uwe wa kuwarudisha watu nyuma, upande upepo unakotoka, wala usiwe wa kuwaita waje.

Tunajua majibu yatakayokuja. Wapo watakaosema kuwa kila kitu ni kwa amri ya Mungu. Ni kweli, nasi twaamini hivyo. Lakini wazee wetu, wenye ngamia na wenye vyombo, wametufunza kuwa mtu hufunga kwanza, kisha hutawakali. Nahodha hatii nanga moyoni. Huitia majini.

Tajiri naye atasema kuwa hana wakati. Tufanye hesabu pamoja. Kuwateremsha watu, kuzima injini, kutia mafuta na kupanda tena ni dakika kumi. Lori lijazwe jioni, kazi ikiisha, na hata hizo kumi hazitapotea. Tena kwa gari na trekta za dizeli kuna faida nyingine: tangi lililolala limejaa halikusanyi umande ndani yake usiku, basi maji hayaingii katika mafuta, na injini haisumbui asubuhi. Usalama wetu hapa ni uzima wa mashine yake pia.

Lakini hata kama faida hiyo isingekuwapo, haki ingebaki. Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1981 kuhusu usalama na afya kazini, Mkataba namba 155, unasema kuwa mfanyakazi aliyejitoa penye hatari kubwa na ya karibu, akiwa na sababu ya haki ya kuamini hivyo, alindwe asiadhibiwe. Mwezi Juni 2022 shirika hilo liliingiza usalama na afya kazini katika haki za msingi za kila mfanyakazi. Mwenzetu wa Chovae alikuwa hajui namba ya mkataba wowote alfajiri ile. Alijua harufu ya petroli. Hata hivyo alichokifanya ni haki, na aliyemkata mshahara ndiye aliyekosea.

Kwa hiyo twadai mambo matano, na twataka yaandikwe katika mkataba wa pamoja, yasibaki kuwa maneno ya mdomo. Lori lijazwe kabla ya watu kupanda. Petroli isibebwe pamoja na watu. Kila stoo iwe na pampu ya mkono, faneli, ndoo za mchanga na mtungi wa kuzimia moto uliokaguliwa, na watu wafundishwe kuutumia. Wakati wa kutia mafuta uhesabiwe kuwa wakati wa kazi, kwa dereva na kwa wanaongoja. Na mtu anayekataa kupanda penye hatari asikatwe hata senti moja.

Nasi tuahidi yetu. Mwajiri akitupa pampu ya mkono, tusiiache kutani tukavuta kwa mdomo kwa kuonyeshana ushujaa. Akiandika "usivute sigara," mwenye sigara asimngoje nyapara, amsikilize mwenziwe aliye karibu. Dereva asione haya kuwaambia watu washuke, na watu wasimnung'unikie. Siku ile, nyuma ya lori lile, waliobaki walikuwa wengi kuliko walioshuka. Tajiri hakuwafunga kamba. Waliona haya tu kushuka mbele ya wenzao.

Basi, ndugu, katika mkutano ujao wa tawi, kila mmoja aje na habari ya mahali anapofanya kazi: mafuta yanatiwa wapi, saa ngapi, na nani, kwa chombo gani, na watu wako wapi wakati huo. Tutaziandika zote na kuzipeleka mezani pamoja na madai yetu. Na kesho alfajiri, kabla mkutano haujafika, ukiona dumu linafunguliwa juu ya lori, shuka. Tukishuka sote, nyapara hataweza kutuandika sote kuwa hatukufika.